Mawimbi Yamejaa, Intaneti Haifunguki: Kero za eSIM kwa Wanaoingia na Wanaotoka Mombasa

Ndege ikishatua Moi International, simu huanza kutolewa mifukoni kabla mlango haujafunguliwa. Siku hizi wengi hawahangaiki tena na kile kipini cha kutolea kadi. Wamenunua eSIM, laini inayopakuliwa ndani ya simu badala ya kadi ya plastiki, wakiwa bado London, Toronto au Jeddah, wameskani QR, na sasa wanangoja data ifunguke. Wapo inayowafungukia. Wapo wanaoona jina la Safaricom au Airtel pale juu, mawimbi yamejaa, na hata ujumbe mmoja wa WhatsApp haupiti. Hata waliobahatika, wakifika nje wanagundua kwamba dereva wa teksi hawezi kuwapigia, na kwamba kila mtu anataka M-Pesa ilhali wao hawana.

Lawama huangukia mtandao wa hapa, na mara nyingi ni bure tu. Karibu kero zote hizi zina mzizi mmoja: eSIM ya safari inayouzwa mitandaoni si laini ya Kenya. Ni laini ya kampuni ya nchi nyingine inayotumia minara ya hapa kama mgeni, na mgeni hapewi funguo zote za nyumba.

Picha ya QR si laini

Ndani ya simu yenye eSIM kuna chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi. Chipu hiyo ina namba yake, EID, yenye tarakimu 32. Piga *#06# na itatokea pamoja na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Isipotokea, kwa kawaida simu yako haina eSIM, na hakuna programu ya kupakua itakayoiongeza.

Unapolipia eSIM, unachotumiwa si laini bali anwani ya kwendea kuichukua. Ukiitazama QR kwa programu ya kawaida ya kusomea misimbo utaona maandishi yanayoanza na LPA:1$, kisha anwani ya seva, kisha alama nyingine ya dola, kisha msimbo mrefu wa herufi na namba. Simu inakwenda kwenye seva hiyo, inapakua faili la laini, na kulifungia ndani ya chipu yako. Seva nyingi zikishatoa faili hilo mara moja hazilitoi tena. Ndiyo maana ukiifuta eSIM kwa hasira ukidhani utaiskani upya, unaambiwa msimbo umeshatumika. Kufuta ndilo jambo la mwisho kabisa kufanya, na ndilo ambalo watu hukimbilia kwanza. Ikikusumbua, izime tu.

Kuhusu simu zenyewe, kuna mitego inayowanasa zaidi watu wa pwani, kwa sababu simu zetu nyingi hutoka Dubai na China. iPhone zilianza kuwa na eSIM mwaka 2018 na XS na XR. Lakini karibu zote zilizotengenezewa soko la China Bara zina nafasi ya kadi mbili na hazina eSIM hata kidogo, na nyingi za Hong Kong ni vivyo hivyo. Mfanyabiashara aliyejinunulia iPhone Guangzhou asishangae akipiga *#06# asiione EID. Dubai imegeuka upande wa pili: iPhone 17 zinazouzwa Falme za Kiarabu, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina tundu la kadi kabisa, sawa na za Marekani ambako tundu liliondolewa tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. iPhone Air haina tundu popote duniani. Kabla hujatoa pesa, geuza simu utazame ubavuni.

Samsung za familia ya S zina eSIM kuanzia S20, ila inategemea simu ilitengenezewa nchi gani. Tecno, Infinix na itel nyingi hazina. Na simu iliyoletwa na shangazi kutoka Marekani ikiwa bado inalipiwa kwa mkataba huwa imefungwa kwa kampuni yake: eSIM ya kampuni nyingine itaingia, kisha itakataa kushika mtandao. Kwenye iPhone fungua Settings, General, About, usome mstari wa Carrier Lock. Panapaswa kuandikwa “No SIM restrictions”. Pakiwa na maneno mengine, malizana kwanza na kampuni iliyoifunga.

Kuiingiza, na mambo yanayokwama hapo

Iingize ukiwa nyumbani kwako, kwenye Wi-Fi unayoiamini, siku moja au mbili kabla ya safari. eSIM haipakuliki bila intaneti, na kuitafuta intaneti ukiwa uwanja wa ndege na mizigo mkononi ni kujitesa. Soma kwanza masharti ya muda: baadhi huanza kuhesabu siku pale unapoingiza, nyingine pale laini inaposhika mnara wa nchi unayokwenda. Zile za kwanza ziingize usiku wa kuamkia safari, si mapema zaidi.

QR ikiwa imetumwa kwa barua pepe kwenye simu ileile, utaiskani vipi? Hili huwakwamisha watu hadi wanaazima simu ya jirani. iPhone yenye iOS 17.4 au zaidi hukuruhusu kubonyeza picha ya QR kwa muda mrefu, na chaguo la kuongeza eSIM likatokea. Vinginevyo chagua kuandika mwenyewe: weka anwani ya seva, ile inayoitwa SM-DP+, kisha msimbo wa kuamilisha. Nakili na ubandike, usiandike kwa mkono, maana herufi O na sifuri zimewapotezea watu saa nzima. Usibebe ile LPA:1$ ya mwanzo wala alama za dola. Hizo ni vitenganishi tu.

Upakuaji ukigoma, sababu huwa ni za kawaida. Wi-Fi ya hoteli inayotaka kwanza ufungue ukurasa na kuandika namba ya chumba huonekana imeunganishwa kumbe imefungwa. VPN, ile programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, ikiwa imewashwa, izime. Saa na tarehe ya simu ikiwa si sahihi, seva itaikataa. Simu ikiwa na eSIM nyingi za safari zilizopita, futa zile ambazo una hakika zimekwisha muda.

Ikishaingia, ipe jina linaloeleweka. Laini mbili zilizoitwa “Secondary” na “Travel” zitakuchanganya siku utakayokuwa na haraka. Andika “Nyumbani” na “Data ya safari”.

Mawimbi yamejaa, intaneti haifunguki

Hapa ndipo kelele zilipo, na dawa ina mpangilio wake.

Kwanza, angalia laini ipi imechaguliwa kwa data. Simu ya laini mbili hubaki na laini ya zamani hadi uibadilishe mwenyewe. Kwenye iPhone ni Settings, Cellular, Cellular Data. Kwenye Android ya Kiswahili ni Mipangilio, Mtandao na intaneti, SIM.

Pili, washa romingi, yaani ruhusa ya kutumia minara ya kampuni nyingine, kwenye laini ya safari. Watu wamefundishwa miaka mingi kwamba romingi ni wizi, kwa hivyo wanaizima kabla hata ya kupanda ndege, na kwa laini ya nyumbani wako sahihi kabisa. Lakini eSIM ya safari inaishi kwa romingi. Kampuni iliyoitoa haina mnara hata mmoja hapa. Kila kilobaiti inapita kwenye mnara wa wenyewe. Ukizima “Data Roaming” utaona mawimbi yamejaa na intaneti kavu. Swichi hiyo iko ndani ya ukurasa wa kila laini peke yake, hivyo kuiwasha kwa eSIM hakuiwashi kwa laini ya nyumbani. Hakikisha kwa macho yako.

Tatu, APN. Hili ni jina la lango ambalo data hupitia, na kila kampuni ina lake. iPhone mara nyingi hulijaza yenyewe. Android nyingi hazijazi, au hujaza la kampuni ya mnara badala ya la kampuni ya laini. Tafuta APN kwenye barua pepe ya muuzaji, ongeza mpya, andika jina na APN kama ilivyo, kwa herufi ndogo na bila nafasi mwishoni. Jina la mtumiaji na nenosiri viache vitupu isipokuwa umepewa. Hifadhi, kisha uiguse uichague. Wengi huhifadhi na kusahau kuchagua. Data ikionekana imewaka, alama ya 4G ipo, na bado kurasa hazifunguki, ingia tena humo ubadilishe itifaki ya APN ya romingi iwe IPv4 peke yake. Kosa hili halionyeshi ujumbe wowote, ndiyo maana huwasumbua hata mafundi.

Kwenye iPhone kuna la ziada. Ukiwahi kusakinisha wasifu wa mipangilio wa kampuni ya zamani au wa kazini, unaweza kulazimisha APN yake kwa laini zote. Uko Settings, General, VPN & Device Management. Wa kampuni ya zamani uondoe. Wa kazini waulize wenyewe kwanza.

Nne, mtandao wenyewe. Vifurushi vingine vina makubaliano na kampuni moja tu ya Kenya. Simu ikishika mnara wa kampuni nyingine itakuonyesha dalili ya mawimbi kisha ikataliwe. Zima uchaguzi wa kiotomatiki, ngoja orodha ijae kwa dakika moja au mbili, chagua kampuni iliyotajwa na muuzaji. Baada ya hapo weka hali ya ndegeni nusu dakika, uzime. Bado? Zima simu, uwashe. Ukishafanya hayo yote manne ndipo umwandikie muuzaji, ukimpa ICCID, yaani namba ya utambulisho wa eSIM hiyo, picha ya skrini ya APN na jina la mtandao ulioshikwa. Ukimwandikia “haifanyi” tu, utarudishiwa orodha hiihii.

Kuna mahali eSIM haihusiki kabisa. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe, na chumba cha ndani hakipati kitu hata kwa laini ya hapa, sogea barazani. Treni ya Madaraka Express ikipita Tsavo, mawimbi huja na kuondoka. Pakua ramani na tiketi kabla hujaondoka stesheni ya Miritini.

Kwa nini iko taratibu, na kwa nini inadhani uko Ulaya

Mombasa ni mji ambako nyaya za chini ya bahari zinatua. SEACOM na TEAMS ziliwashwa mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine zimefuata. Lakini data ya eSIM nyingi za safari haitoki kwenye intaneti hapa. Inabebwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa laini, Ulaya au Asia, ndipo iingie intaneti. Aliyeketi Mama Ngina akifungua tovuti iliyo kwenye seva za papa hapa Mombasa, ombi lake linavuka bahari na kurudi. Video haitakwama sana, lakini simu za sauti huchelewa, mkaanza kukatizana maneno, na michezo ya mtandaoni haichezeki.

Matokeo mengine ni anwani ya intaneti kuonyesha nchi isiyo hii. Google inakupa matangazo kwa lugha usiyoijua. Programu ya benki inaona umeingia kutoka Poland au Singapore, inashuku, inakufungia. Si uharibifu, ndivyo romingi inavyofanya kazi. Wauzaji wachache hutoa vifurushi vinavyotokea intaneti ndani ya nchi husika. Kama unafanya kazi za benki ukiwa njiani, kabla ya kununua, uliza anwani ya intaneti (IP) itakuwa ya nchi gani. Asiyeweza kujibu swali hilo, mimi singemlipa.

Hakuna namba, hakuna M-Pesa

eSIM nyingi za safari ni za data peke yake. Hazina namba ya simu, hazipokei SMS, na misimbo ya nyota na reli haipiti. Ukipiga *334# ya M-Pesa, au *639# ya kukata tiketi ya treni, kutoka laini ya kigeni, ombi linaelekezwa kwa kampuni iliyotoa laini hiyo, wala si kwa Safaricom. Hakuna mpangilio wa kulirekebisha.

Kwa Mombasa hili ni zito kuliko linavyosikika. Tuktuk, mama wa mahamri, duka la dawa, wote wanakuonyesha namba ya till ya kulipia kwa M-Pesa. Dereva wa teksi ya kuita kwa programu anaweza kukuandikia ujumbe, lakini hakuandikii. Anapiga. “Hello, uko wapi? Mimi nishafika, niko hapa getini.” Kama akaunti yako ina namba ya Uingereza, simu hiyo inapigwa kimataifa, yeye hana salio la kufika huko, na wewe ukipokea unaweza kutozwa. Atangoja kidogo, ataghairi safari.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii. Anayekuja kwa wikendi moja, akilala hoteli na kulipa kwa kadi, eSIM ya safari inamtosha. Anayekaa zaidi ya siku nne au tano, hasa mwenye ndugu wa kuwazungukia kuanzia Mtwapa hadi Likoni, achukue laini ya Kenya. Anunue eSIM ndogo ya safari, GB 1 tu, ya kumfikisha nyumbani, kesho yake aende duka la kampuni ya simu na pasipoti au kitambulisho. Usajili ni lazima kisheria, na mgeni pia husajiliwa kwa pasipoti. Wakala wa mwavuli wa barabarani kwa kawaida ana kadi za plastiki; anayetaka eSIM ya Safaricom au Airtel aende dukani, na asiondoke hapo kabla laini haijashika na M-Pesa haijafunguka mbele ya mhudumu.

Wenye iPhone zisizo na tundu wajue mpaka wao. Simu inaweza kuhifadhi eSIM nane au zaidi, lakini ni mbili tu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Laini ya Marekani, ya data ya safari na ya Kenya haziwezi kuwaka zote tatu. Ukishapata ya Kenya, zima ile ya safari, na data iwe ya Kenya.

WhatsApp haina shida hapa. Itakuuliza kama umebadilisha namba. Kataa, baki na ya zamani.

Bando limekwendea wapi?

Limekwendea kwenye picha. iPhone inayorekodi video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde hutumia takriban MB 400 kwa kila dakika. Rekodi dakika kumi za bibi harusi akitolewa, umejaza GB 4, na simu ikiwa imeruhusiwa kuhifadhi nakala mtandaoni kwa data, GB 5 ulizolipia zinakaribia kwisha kabla pilau haijapakuliwa. Kabla ya safari zima data ya simu kwa programu ya picha, weka nakala ya WhatsApp iwe ya Wi-Fi tu, na uzuie masasisho ya kiotomatiki ya programu. Kisha washa hali ya kutumia data kidogo kwenye laini ya safari. Netflix ya ubora wa HD yaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Hiyo mwachie Wi-Fi ya mwenyeji.

Neno “bila kikomo” lisome hadi mwisho. Mara nyingi lina maana ya kiwango fulani kwa siku, kisha kasi inashushwa hadi WhatsApp pekee ndiyo inayotembea. Baadhi ya vifurushi hivyo pia huzuia mtandaopepe (hotspot), kwa hivyo kompyuta yako haitapata kitu. Tena “siku” ya muuzaji huenda ikahesabiwa kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu inageuka saa tisa usiku, wala si saa sita.

Na zima “Allow Cellular Data Switching” kwenye iPhone, au swichi ya Android inayohamisha data kiotomatiki kati ya laini. Ikiwa imewashwa, eSIM ikilegea kidogo pale feri, simu inahamia kwa laini ya nyumbani, na bili utaiona ukirudi.

Ukitoka Mombasa

Mwenyeji anayekwenda Umra, Dubai, Istanbul au Guangzhou ana tatizo lililogeuzwa: data ataipata, lakini asiipoteze laini yake ya hapa. M-Pesa, OTP za benki (misimbo ya kuthibitisha inayotumika mara moja) na akaunti zote zimefungwa kwenye namba hiyo.

Ushauri wangu hauna mzunguko. Kama simu ina tundu, laini ya nyumbani ibaki kwenye kadi ya plastiki na eSIM iwe ya data ya safari. Watu hufanya kinyume, wanahamisha namba yao kwenye eSIM ili tundu libaki wazi kwa kadi ya ugenini. Simu ikianguka ikavunjika kioo huko Makka, kadi utaichomoa uiweke kwenye simu ya mwenzako, upokee OTP, maisha yaendelee. eSIM haichomoki. Kuipata upya kwa kawaida kunataka ufike dukani na kitambulisho, na duka liko Mombasa. Mwenye simu isiyo na tundu aiulize kampuni yake kabla ya kuondoka jinsi ya kurudishiwa laini akiwa nje, na aweke njia ya pili ya kuingilia benki isiyotegemea SMS.

Ukiamua kuhamia eSIM hata hivyo, usifanye hivyo siku ya kuamkia safari. Kuhama kutoka kadi kwenda eSIM ni kubadilisha laini, sawa na anachofanya mwizi wa namba, na mifumo ya benki huweza kuichukulia hivyo na kukufungia huduma hadi ujithibitishe. Fanya wiki mbili kabla, kisha jaribu kila kitu: tuma pesa kidogo, pokea OTP, fungua programu ya benki. Kwenye iPhone menyu ya zamani ya M-Pesa ipo ndani ya mipangilio ya laini, kwenye SIM Applications. Ama tumia *334# au programu yenyewe.

Ukifika nje, laini ya nyumbani iache imewashwa lakini data yake ya romingi izime. Kwa kawaida kupokea SMS hakutozwi. Kupokea simu kunatozwa, kwa hivyo waambie watu wakupigie WhatsApp. Hakikisha pia romingi imefunguliwa na kampuni yako kabla hujaondoka na kuna salio. Mwenye iPhone ajue kwamba iMessage na FaceTime zikijiamilisha upya hutuma SMS ya kimataifa kimyakimya. Salio likipungua shilingi kadhaa bila sababu, ni hiyo.

Kwa waendao China, kule kupitishiwa data nchi nyingine kunakuwa faida. Kwenye laini ya Kichina WhatsApp na Google hazifunguki. Kwenye eSIM ya romingi, data inatokea intaneti nje ya China, na kwa kawaida zinafunguka bila VPN. Dubai nako simu za WhatsApp huzuiwa kwenye mitandao ya huko, na mara nyingi eSIM inayotokea nchi nyingine huzipitisha. Uturuki ilifunga tovuti na programu za wauzaji kadhaa wa eSIM mwezi Julai 2025, kwa hivyo anayekwenda Istanbul anunue na aingize akiwa bado hapa, na achukue kifurushi kitakachomtosha safari nzima, kwa kuwa kuongeza bando akiwa kule huenda kusiwezekane.

Ukirudi, rudisha data kwenye laini ya Kenya kabla ndege haijatua na uzime eSIM, usiifute. Wauzaji wengi hukuruhusu kuongeza bando kwenye eSIM ileile safari ijayo. Ifute pale tu muuzaji atakapokuthibitishia kwamba muda wake umekwisha na haiwezi kujazwa tena.